Shangazi ana hoja, ila ushahidi wake haufai

Kwenye kicheni pati hukosi kumsikia shangazi mmoja: "Ushauri nasaha unasaidia. Fulani na mumewe walikwenda, leo wanakula sahani moja." Wanawake wanapiga vigelegele, mjadala umeisha.

Huo si ushahidi. Watu hawaendi kwa mshauri siku ya neema. Wanakwenda maji yamefika shingoni, na maji ya shingoni huweza kupungua bila msaada wa mtu: mshahara uliochelewa umeingia, mtoto aliyelazwa ametoka hospitali, mama mkwe amerudi kwake. Mshauri akapewa sifa za mvua iliyokuwa inakuja kwa vyovyote. Tena wale waliokwenda wakaachana hawatajwi kwenye kicheni pati.

Ili kujua, watafiti huwagawa wanandoa kwa bahati nasibu. Kundi moja linaanza tiba ya ndoa, yaani ushauri wa kitaalamu, jingine linasubiri zamu. Kwa kuwa hakuna aliyejichagulia kundi, mishahara na mama wakwe wanagawanyika pande zote mbili, na tofauti itakayobaki ni ya tiba. Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Marekani Donald Baucom na wenzake walikusanya tafiti za aina hii na kuwatazama hasa wale waliokuwa wakisubiri. Kwa wastani hawakupata nafuu yoyote, tofauti na waliotibiwa. Kwa hiyo shangazi alikuwa na hoja, ila alifika kwa njia ya panya. Na babu anayesema "waacheni, yatapita yenyewe" ndiye aliyekosea.

Wengine huzidisha upande wa pili: ukienda kwa mtaalamu, ndoa imepona. Mwanasaikolojia Andrew Christensen na wenzake, Los Angeles na Seattle, Marekani, waliwapa wanandoa 134 wenye ugomvi mzito wa muda mrefu mojawapo ya tiba mbili, vikao visivyozidi 26, kisha wakawafuatilia kwa miaka mitano. Mwishoni karibu nusu walikuwa na nafuu ya maana, na takriban robo walikuwa wameachana au wametengana. Tiba zote mbili zilikaribiana. Nazipenda takwimu hizi kwa sababu hazijapakwa poda.

Mitandaoni kuna hii nyingine: mtaalamu akiwatazama mkibishana dakika chache tu, atajua kama mtaachana, kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Chanzo ni kazi ya mwanasaikolojia John Gottman wa Seattle, ambaye aliwarekodi wanandoa kwenye video wakizungumzia ugomvi wao na kuhesabu dharau, lawama na kununa. Kazi ya kuheshimika. Tatizo liko kwenye hiyo 90. Kanuni ya kubashiri ilitungwa baada ya kujua nani waliachana, ikapimwa kwa watu walewale. Ni sawa na kubashiri matokeo ya Simba na Yanga Jumatatu, mechi ikiwa imechezwa Jumapili. Mwaka 2001 watafiti Richard Heyman na Amy Slep walionyesha kwamba kanuni iliyotungwa hivyo, ikipelekwa kwa kundi jipya, usahihi wake huporomoka.

Wengine husema: "Tumeshakwenda baraza, imeshindikana." Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi, isipokuwa kwa sababu maalumu. Lakini usuluhishi si tiba. Wazee wanasikiliza pande mbili, wanaonya, wanaandika kama wameshindwa. Tiba ni vikao vya wiki kwa wiki, na kitu cha kufanyia mazoezi nyumbani.

Na kwenye tiba, lazima mkae wote chumba kimoja? Panapo kipigo, hapana. Mke atasema nini wakati anayempiga yuko kiti cha pembeni, na usiku watarudi nyumba moja? Lusaka, Zambia, watafiti walifanya jaribio na familia 248 ambazo mume alikunywa kupita kiasi na mke aliripoti kufanyiwa ukatili. Wanaume walipata tiba peke yao, wanawake peke yao, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari. Baada ya miezi 12 ukatili na ulevi vilikuwa vimepungua zaidi kuliko kwenye kundi la ulinganisho, kiasi kwamba kamati iliyokuwa ikisimamia usalama wa washiriki ilishauri jaribio lisimamishwe kabla ya wakati wake.