Maegesho janja ni nini, na mji wetu uanzie wapi?

Jumamosi kabla ya adhuhuri, simama Kenyatta Avenue hapa Nakuru uone. Gari lilelile linapita mara ya pili, mara ya tatu, dereva ametoa shingo dirishani. Kijana anampungia kipande cha katoni. Akifika, Probox nyingine imeshaingia. Pengine nyuma ya jengo lile kuna nafasi tupu, naye hana wa kumwambia.

Maegesho janja ni mfumo wa kumwambia: nafasi ipi iko wazi, ipi imelipiwa, mpaka saa ngapi. Habari hizo hukusanywa kwa kamera zinazosoma namba za gari, kwa rekodi za malipo ya simu, au kwa vihisi vinavyofukiwa kwenye lami. Gari likisimama juu ya kihisi, chuma chake huvuruga kidogo uga wa sumaku wa dunia, nacho kikatuma taarifa.

Vihisi ndivyo huwavutia viongozi, na ndivyo ninavyovihofia. San Francisco, Marekani, ilivitega katika nafasi zaidi ya 8,000, na kuanzia 2011 ikawa inapandisha na kushusha bei mtaa kwa mtaa, ili pasijae wala pasibaki patupu. Betri ziliisha mapema, nyaya za mabasi ya umeme zikavuruga vipimo, na mwisho wa 2013 vikazimwa. Bei zikaendelea kupangwa kwa rekodi za malipo.

Malipo ya simu sisi tumeyazoea tangu M-Pesa ianze 2007, kwa hiyo tuanzie hapo. Ila ada ikiwa ya siku nzima, rekodi haisaidii: mtu amelipa saa mbili asubuhi, saa nne keshaondoka, na mfumo bado unadhani yupo. Ada ya saa kwanza, mitambo baadaye.

Kamera nazo zina deni lake. Namba ya gari humfichua mwenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda. Mkataba useme waziwazi data ni ya kaunti, inakaa wapi na inafutwa lini.

Na kabla ya kutia sahihi, kaunti idai majaribio kwenye mtaa mmoja, msimu wa masika, tope likiwa tope kweli na bodaboda tatu zimebanana katika nafasi ya gari moja. Mtu apite kila saa na daftari akihesabu kwa macho, kisha hesabu yake ilinganishwe na ya mtambo.