Siti saba, dizeli, na barabara za Dodoma: chagua injini kabla ya bodi

Siku hizi wazazi wengi wanaokuja gereji hawaleti gari bovu, wanaleta picha kwenye simu. Mtoto wa tatu ameshazaliwa, bibi amehamia nyumbani, binti wa kaka anasoma UDOM na wikendi yuko hapo, na kile kigari cha siti tano kimekuwa cha kupakatana. "Fundi, hili unalionaje? Dizeli, siti saba, namba E." Picha inaonyesha rangi na rimu. Mimi nataka kujua ndani mna injini gani, na hiyo familia inakwenda wapi kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Namba E yenyewe inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii liliundwa lini.

Kwanza, dizeli si ya kila mtu. Kama mizunguko yenu ni Kisasa, shule, Soko la Majengo, ibada na kurudi, na kijijini mnafika Krismasi tu, Noah ya petroli inawatosha na spea zake zimejaa mjini. EWURA hutangaza bei kila mwezi. Ukifuatilia utaona petroli na dizeli hazipishani sana. Faida ya dizeli iko kwenye kuvuta mzigo bila kuhema na kula kidogo gari likiwa zito na safari ikiwa ndefu. Wanaokwenda Kondoa, Mpwapwa, Singida, au Iringa kwa njia ya Mtera mara kwa mara, watu wamejaa na magunia ya alizeti nyuma, hao dizeli inawalipa.

Ukishajiridhisha hapo, fungua boneti utafute kile kibati chenye namba ya modeli. Kwa Toyota Prado, herufi za mwanzo zinasema kila kitu. KZJ ni injini ya 1KZ, KDJ ni 1KD, GDJ ni 1GD, zote dizeli. TRJ, RZJ na GRJ ni petroli. Herufi hizo tatu zina maana kuliko tangazo zima, kwa sababu Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli ndani ya Japani mwaka 2007 na kuirudisha 2015. Mtu akikuambia anauza Prado ya dizeli ya mwaka 2011 "safi kutoka Japani", mwombe nyaraka. Inawezekana sana ilitokea Uingereza, na gari la Uingereza lina mambo yake mawili: kilomita zake huwa zimeandikwa kwa maili, na chesisi yake imepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi. Lala chini uangalie. Kutu ya juujuu haina neno. Kutu inayomeguka ukiigonga kwa bisibisi, achana na gari hilo.

1KZ ndiyo kongwe, ya Prado za miaka ya 1990 mwishoni. Ni lita 3.0, imara, na karibu kila fundi wa dizeli hapa mjini anaijua. Adui yake ni joto. Ikichemsha mara moja tu vibaya, silinda hedi huweza kupasuka. Hapa kwetu sababu ya kuchemsha mara nyingi ni maji. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na mtu akijaza rejeta kwa maji ya bomba miaka mitatu, njia zake huota magamba kama sufuria ya chai. Ongeza vumbi lililoziba mapezi ya rejeta kwa nje, ongeza mlima na watu saba ndani, mshale unapanda.

Kwa hiyo mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Shika boneti kwanza. Kama ni la moto, rudi kesho. Likiwa la baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, utazame rangi ya kilichomo. Kinachotakiwa ni kulenti (maji maalumu ya kupoozea injini) yenye rangi safi, iwe nyekundu, ya waridi au kijani. Maji ya kutu, au yenye utando wa mafuta juu, yanakueleza jinsi mwenyewe alivyolitunza gari hilo. Mfuniko ukiwa bado wazi, washa, usimame pembeni dakika chache. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa inatoka. Mapovu yanayoendelea bila kukoma, yanayosukuma maji juu kila ukikanyaga mafuta, ni moshi wa ndani ya silinda unaoingia kwenye maji. Hapo hakuna bei nzuri, hata akipunguza milioni mbili.

1KD ya Prado 120 (toleo lililotangulia Prado 150), na ya Fortuner za mwanzo, ndiyo ninayowashauri wengi. Ina nguvu zaidi na inakula kidogo, ila nozo zake (vinyunyizi vya dizeli) zinaendeshwa kwa umeme na hazipendi mafuta machafu. Isikilize inapowaka asubuhi. Mgongano mkali wa chuma usioisha injini inapopata joto ni nozo zimechoka, na seti ya nozo nne ni pesa ya kukaa chini na mwenzako kuijadili. Kuna kingine ambacho wengi hawakifahamu: zile sili za shaba chini ya nozo zikianza kuvujisha, masizi huingia kwenye oili, yanakwenda kuziba kichujio kilicho ndani ya sampu (bakuli la oili), oili haipandi, injini inakufa huku kijiti cha oili kikionyesha imejaa. Muulize muuzaji sili hizo zilibadilishwa lini. Muulize pia taimingi belti. Hubadilishwa kwenye kilomita 150,000, na dashibodi ina taa yake ya kukumbusha. Asipokuwa na jibu, hesabu kwamba zote mbili ni juu yako wiki ya kwanza.

1GD ya lita 2.8 ndiyo ya Prado za 2015 kuja mbele na Fortuner mpya. Ni injini nzuri sana, ina cheni badala ya belti. Lakini Prado yake ya Japani ina chujio la masizi kwenye eksozi na tangi dogo la AdBlue (kimiminika cha kusafishia moshi), na hapa ndipo ninapowasihi wazazi wafikirie safari zao. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi kama 600, na joto hilo halipatikani kwa kwenda Area D kupeleka watoto shule na kurudi. Linataka mwendo wa kutulia wa dakika kumi na tano au ishirini. Tena liliundwa kwa dizeli ya Japani, yenye salfa isiyozidi 10 ppm (sehemu kumi kwa milioni). Kiwango cha Afrika Mashariki ni 50. Mama anayefanya mizunguko ya mjini tu atawashiwa taa ya chujio kila mara. Baba wa kwenda Morogoro kila wiki hataisikia. Na wale wanaoshauri likatwe, mimi sikubali: moshi ule unatoka usawa wa pua za watoto wanaosimama nyuma ya gari getini.

Pajero ya lita 3.2 ina cheni na siti zake za nyuma huzama sakafuni, ila spea Dodoma zitakusumbua kuliko za Toyota. Land Rover Discovery 3 na 4 zina siti ya tatu bora kuliko zote, mtu mzima anakaa vizuri, lakini krankshafti za V6 ya dizeli zinajulikana kwa kukatika na sasupensheni ya upepo ni gharama. Simpi familia yenye ada za shule.

Tukifika kwenye siti, usiamini neno "saba" kwenye tangazo. Prado 150 nyingine zilitengenezwa za siti tano. Nenda na mtoto wako mkubwa, mkalishe siti ya tatu, mfunge mkanda, mwache akae muda ambao ninyi wawili mnakagua injini. Sakafu ya nyuma ya magari haya iko juu, magoti yanapanda. Kwa mtoto wa miaka minane ni sawa. Kijana wa miaka kumi na sita atateseka hadi Babati. Kisha fungua mlango wa nyuma siti zikiwa zimetandazwa, uone mabegi yatakaa wapi. Kwenye Prado 120 na Fortuner siti hizo hukunjwa ubavuni na kula nafasi hata zisipotumika. Kwenye Prado 150 zinalala sakafuni.

Kipimo changu kingine ni cha vumbi. Legeza bomba linalotoka kwenye boksi la filta ya hewa kwenda kwenye tabo (turbo), pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, injini imekula mchanga, ringi zimelika, na hakuna sevisi itakayolirudisha hilo. Magari ya mradi yanayouzwa mnadani, yale yaliyokuwa na namba za DFP, hupata sevisi kwa wakati lakini mengi yamekula njia za vumbi. Kidole chako kitakuambia lipi ni lipi.

Anayetaka kuagiza mwenyewe aanze na kikokotoo cha TRA. Gari lililopita miaka kumi hubeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa 25, na injini zote hizi zimevuka cc 2000 kwa hiyo kuna asilimia 10 nyingine, kisha VAT. Viwango hupitiwa kila bajeti ya Juni. Ndiyo maana wengi hununua lililokwisha tembea nchini.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chesisi na kadi herufi kwa herufi, angalia faini kwenye mfumo wa trafiki, na bakiza angalau asilimia kumi ya bei. Pesa hiyo ni ya oili, filta zote ikiwamo ya dizeli, kulenti, belti na tairi, na gari liingie gereji kabla halijapakia mtoto hata mmoja.