Cheti cha ndoa kiwe kwenye bahasha kabla kuruta hajaondoka

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kitanzania anayeishi Texas alinipigia huku analia. Mahari ilishalipwa, shehe alishawafungisha nikaha sebuleni kwa mjomba, na kijana alishaondoka kwenda Fort Jackson, Carolina Kusini, kuanza wiki 10 za mafunzo ya awali ya Jeshi la Nchi Kavu. Binti alitaka kujua bima yake ya afya itaanza lini. Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kwa sababu hawakuwahi kuchukua leseni ya ndoa, yaani kibali cha serikali cha kuoana. Mbele ya Mungu na ukoo ni mume na mke. Kwenye majalada ya jeshi kijana hana mke.

Nilikuwa karani wa jeshi kwenye kituo cha kupokelea makuruta, na nililiona jambo hili mara nyingi. Siku za kwanza, kabla hata mafunzo hayajaanza, kuruta ananyolewa, anadungwa chanjo, anapewa sare, kisha anaketi mbele ya karani. Akiwa na cheti cha ndoa chenye mhuri wa serikali, mke anaingizwa kwenye daftari linaloitwa DEERS, na humo ndimo zinamotoka bima ya afya ya TRICARE na posho ya makazi ya mwenye familia. Asipokuwa nacho, anaandikwa kapera. Simu inachukuliwa, na kurekebisha faili ukiwa mikononi mwa sajenti wa mafunzo ni kazi ya majuma.

Kwa hiyo anzeni mapema. Nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake, nami nitaeleza ya Texas kwa kuwa wengi wanaoniuliza wako huko. Nendeni nyote wawili kwa karani wa kaunti mkiwa na vitambulisho. Leseni ikitoka, mnasubiri saa 72 ndipo mfungishwe. Askari aliye kazini husamehewa saa hizo, lakini kijana aliyesaini mkataba na bado anasubiri tarehe ya safari hajawa askari aliye kazini, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa wakiwa wamebakiwa na siku mbili. Shehe, mchungaji au hakimu akishawafungisha, anajaza sehemu yake na leseni inarudishwa kaunti ndani ya siku 30. Msimwachie hivi hivi, maana nimeona leseni iliyolala kwenye droo ya kanisa hadi mume akahitimu. Irudisheni wenyewe siku iyo hiyo, kisha nunueni nakala zenye mhuri, ndizo cheti chenyewe, zaidi ya moja.

Afisa aliyemwandikisha kijana aambiwe kabla ya ndoa. Idadi ya wategemezi imo kwenye makaratasi ya kujiunga, na kama bibi harusi ana watoto, huenda kikahitajika kibali maalumu. Kuficha ni hatari kuliko kuchelewa.

Binti aliniuliza pia kama wanaweza kufunga ndoa kwa wakala, jinsi inavyofanyika kwetu pwani. Jimbo la Montana linaruhusu hata wote wawili kuwakilishwa, mradi mmoja awe askari aliye kazini au mkazi wa jimbo hilo. Ila kwa mhamiaji kuna shimo hapo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja wakati wa kufunga, mpaka wakutane kimwili baada yake. Anayetegemea ndoa hiyo kuombewa grinikadi asiijaze fomu kabla hawajakutana hivyo.

Wazazi wengi wanaona ndoa ya kwa karani ni kuwaibia harusi. Nawaelewa, na mama yangu alisononeka vilevile. Nendeni kwao kwanza, muwaeleze kwamba kaunti inatoa karatasi tu, na ngoma itachezwa akihitimu. Lakini anayeniambia wanaoana kwa sababu ya posho, namrudisha nyumbani. Ndoa ya bandia kwa ajili ya fedha za jeshi ni kosa la jinai, na hata iliyo ya kweli itapimwa vikali na miezi ya ukimya itakayofuata.

Yule binti sasa atangoja likizo ya kwanza ya mumewe ndipo waende kaunti. Kuna jambo moja halihitaji cheti, nalo nilimwambia papo hapo: bima ya maisha ya askari, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 500,000, askari anaweza kuandika jina la yeyote amtakaye. Binti amemwandikia kijana barua yenye jina lake yeye binti kamili na anwani, na ameituma kwa posta jana.