Huduma ya timu mtandaoni inayofuata utamaduni: maana yake kwa Walatino wenye kisukari

Mgonjwa anapokea chupa ya vidonge. Kibandiko kimeandikwa Kihispania chote, isipokuwa neno moja la Kiingereza lililosahaulika: once. Kwa Kiingereza maana yake ni mara moja. Kwa Kihispania neno hilohilo, herufi kwa herufi, ni kumi na moja. Aliyeandika alitaka mgonjwa ameze dawa mara moja kwa siku. Anayesoma anaona mara kumi na moja. Mtego huu unajulikana sana kwa wafamasia wa Marekani, na watu wanaofundisha usalama wa dawa hawachoki kuutaja.

Ukiusikia unasema: basi watafsiri vizuri, yaishe. Lakini haiishi. Unaweza kuwa na kibandiko chenye Kihispania safi kabisa na mgonjwa bado asiimeze hiyo dawa, kwa sababu mama yake mzazi aliimeza na akafa. Dhana tunayoizungumzia, yaani huduma ya timu ya afya inayotolewa mtandaoni na kufuata utamaduni wa Walatino (watu waishio Marekani wenye asili ya Meksiko, Karibiani, Amerika ya Kati na Kusini), inaanzia hapo tafsiri inapokomea.

Tuitenganishe kidogo. Kuna huduma ya timu, kuna mtandao, na kuna hilo la utamaduni ambalo ndilo gumu.

Huduma ya timu ilizaliwa na tabia ya ugonjwa wenyewe. Katika kisukari cha aina ya pili mwili bado unatengeneza insulini, homoni inayobisha hodi kwenye seli ili sukari iingie, ila seli zinakuwa sugu, hazimsikii tena mbisha hodi, na kongosho linachoka kwa kubisha. Sukari inabaki kwenye damu, na miaka ikipita inaharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na moyo. Daktari anakuona dakika chache, kisha unakaa wiki au miezi bila kumwona tena. Katikati hapo ugonjwa unaishi jikoni, kazini, kwenye sherehe za ubatizo. Kwa hiyo kazi inagawanywa: daktari anaamua dawa, muuguzi anafuatilia vipimo, mtaalamu wa lishe anazungumzia sahani, mfamasia anaangalia dawa zisigombane, na inapowezekana yupo mtu wa kusikiliza huzuni, maana kisukari na sonona hutembea pamoja mara nyingi.

Halafu yupo promotora. Neno hili la Kihispania ni bora tulichukue lilivyo. Ni mtu wa mtaa uleule, mara nyingi mwanamke, anayeongea kama wenzake na pengine ana kisukari yeye mwenyewe. Si nesi. Amefundishwa mambo ya msingi, na mtaji wake mkubwa ni kwamba akipiga simu, inapokelewa. Tanzania tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kenya mwaka 2023 ilizindua jeshi zima la watu wa namna hii, 100,000, na jina walilopewa, Community Health Promoters, linakaribia kabisa kuwa tafsiri ya promotora.

Mtandaoni, au tibamtandao, maana yake timu hiyo inakufikia kwa video, simu, ujumbe mfupi, na mashine ya kupima sukari inayotuma namba zake yenyewe kupitia simu. Nchini Marekani jambo hili lilipata msukumo mkubwa Machi 2020, korona ilipofunga milango na bima ya serikali ya wazee, Medicare, ikalegeza masharti ya kulipia matibabu ya mbali.

Sasa utamaduni. Mtafiti wa Marekani Ken Resnicow na wenzake waliandika mwaka 1999 kwamba huduma inaweza kufuata utamaduni kwa ngazi mbili: ya juu juu na ya kina. Ya juu juu ni lugha, picha, muziki, sura za watu kwenye kipeperushi. Ya kina ni yale ambayo watu wanaamini juu ya ugonjwa, nani ana sauti nyumbani, aibu iko wapi, heshima inaonyeshwaje. Programu nyingi zinazojitangaza kuwa zimefuata utamaduni, kwa maoni yangu, zimeishia kwenye ngazi ya kwanza: picha ya bibi anayetabasamu amevaa shali yenye rangi, na ndani yake maneno yaleyale.

Ngazi ya kina inaonekanaje? Chukua insulini. Miongoni mwa Walatino wengi kuna imani kwamba insulini inapofusha. Ukiisikia kwa haraka ni ujinga, lakini mtu huyu ameona kwa macho yake: mjomba alianza sindano, mwaka haukuisha akapoteza kuona. Asichoambiwa ni kwamba sukari ilikuwa imeshatafuna mishipa ya macho kwa miaka, na sindano ililetwa kama zimamoto inayofika nyumba ikiwa imebaki kuta. Kipeperushi hakitamwondolea imani hiyo. Inabidi mtu amuulize kwanza mjomba aliugua lini, kisha wahesabu miaka pamoja.

Au chukua susto, yaani mshtuko. Wengi hueleza kwamba kisukari chao kilianza siku walipopata habari ya msiba au waliponusurika ajali. Mtoa huduma akicheka, amempoteza mgonjwa. Mwenye busara anajua kwamba homoni za msongo kweli hupandisha sukari, kwa hiyo anaanzia hapohapo: ndiyo, mwili ulishtuka, sasa tuuangalie pamoja na chakula na ukoo.

Kuna pia respeto, yaani heshima. Mzee wa Kimeksiko akiambiwa na daktari atembee nusu saa kila siku, atajibu “sí, doctor”, ndiyo daktari, hata kama goti lake halimruhusu kufika getini. Kumpinga daktari ni utovu wa adabu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hili zaidi. Ndiyo maana promotora anampigia baadaye, anauliza habari za wajukuu kwanza, na goti linajitokeza katikati ya mazungumzo. Hata ujumbe wa simu una adabu zake: Kihispania kina “wewe” mbili, tú ya rika na mtoto, na usted ya heshima. Programu inayomwita bibi wa miaka sabini tú kila asubuhi ni kama kijana anayempita mzee bila shikamoo, halafu anamkumbusha kumeza dawa.

Na Walatino ni akina nani? Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 62 Marekani. Kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinakadiria kwamba Mmarekani mtu mzima kwa jumla ana uwezekano wa asilimia 40 kupata kisukari cha aina ya pili maishani. Kwa Mlatino ni zaidi ya asilimia 50. Lakini utafiti mkubwa uliofuatilia watu zaidi ya 16,000 huko Bronx, Chicago, Miami na San Diego ulionyesha kwamba ndani ya jina hilo moja mna tofauti kubwa: waliotoka Amerika Kusini wenye kisukari walikuwa kama asilimia 10, wenye asili ya Meksiko zaidi ya asilimia 18.

Sahani nazo hazifanani. Mtaalamu wa lishe akitengeneza somo la “chakula cha Kilatino” lililojaa tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi au ngano, Mmeksiko atamwelewa, lakini Mdominika, mtu wa Jamhuri ya Dominika, atashangaa anasomeshwa chakula cha nani. Kwake yeye mlo wa nyumbani ni ndizi na wali, na kuna wali wao mmoja, moro de guandules con coco, unaopikwa kwa mbaazi na tui la nazi. Mtu wa Tanga au Mombasa angekaa mezani bila kuuliza.

San Diego ndiko ningekupeleka ukitaka kuona dhana hii ikifanya kazi. Taasisi ya kisukari ya Scripps Whittier ilianzisha Project Dulce mwaka 1997: timu inayoongozwa na wauguzi, pamoja na madarasa yanayofundishwa na watu wa jamii kwa lugha yao. Miaka baadaye wakajaribu kuyabana masomo hayo yaingie kwenye ujumbe mfupi wa simu, wakauita mpango huo Dulce Digital. Watu 126, wengi wao wanawake waliozaliwa Meksiko, waligawanywa makundi mawili kwa miezi sita. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilipata na ujumbe wa Kihispania, mwanzoni hadi mara tatu kwa siku: kufundisha, kutia moyo, kuuliza sukari ikoje leo. Aliyejibu kwa namba ya kutisha alipigiwa simu. HbA1c, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilishuka kutoka asilimia 9.5 hadi 8.5 kwa waliotumiwa ujumbe, na kwa wengine kikabaki karibu palepale. Lengo la wagonjwa wengi ni chini ya 7, kwa hiyo safari bado, lakini alama moja nzima kwa ujumbe wa simu si haba.

Tuseme sasa, kwa mfano wa kubuni, mama wa miaka 58 anayesafisha vyumba vya hoteli. Kliniki inafunguliwa akiwa kazini. Jioni, saa moja na nusu, anakaa mezani simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Kwenye kioo kuna mtaalamu wa lishe, promotora, na binti yake aliye mji wa mbali, Phoenix, ambaye asingeweza kuhudhuria kliniki yoyote. Namba za wiki zimeshafika: asubuhi sukari ni nzuri, usiku inapaa. Mtaalamu anaomba aone tortilla zenyewe, si jina tu. Mama anainua moja ya mahindi, ndogo, upana wa kiganja. Hiyo ina takriban gramu 15 za wanga. “Unakula ngapi?” Tatu. “Na kinywaji?” Anainua kopo la soda, ambalo peke yake lina karibu gramu 39 za sukari. Hapo tortilla haibaki tena mshitakiwa peke yake. Binti anacheka, anasema soda ile hununuliwa na baba. Kwa hiyo wiki ijayo baba naye anaitwa mezani.

Tazama mtandao ulivyosaidia hapo. Kawaida husemwa kwamba unapunguza nauli, na ni kweli. Lakini kwa watu ambao uamuzi wa mlo ni wa nyumba nzima, faida kubwa ni kwamba timu imeingia jikoni na nyumba nzima imeingia kwenye matibabu.

Lakini mtandao una mipaka yake. Si kila nyumba ina intaneti ya kubeba video, na kurasa nyingi za wagonjwa za hospitali zinafunguka kwa Kiingereza kwanza, hivyo bibi anamwita mjukuu amsomee. Kanuni za Marekani zinakataza watoa huduma kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura, lakini mtoto wa miaka kumi aliyeshika simu ya bibi yake hazuiwi na kanuni. Leseni za madaktari hutolewa na kila jimbo, kwa hiyo mgonjwa anayehama kufuata msimu wa mavuno anaweza kumpoteza daktari wake kwa kuvuka mpaka tu. Asiye na bima, au asiye na karatasi za ukaazi, anaogopa kuandika jina lake popote.

Na kuna unyayo. Sukari ikiua mishipa ya fahamu ya miguu, mtu anakanyaga msumari asisikie. Binti anaweza kuishika simu chini ya mguu wa mama yake, muuguzi akaona ngozi, rangi, kidonda kama kipo. Lakini kujua kama mguu bado unahisi, lazima mtu auguse kwa uzi maalumu wa nailoni, sehemu baada ya sehemu, mgonjwa amefumba macho. Hicho kamera haikiwezi. Timu inayojua kazi yake inaweka siku, na promotora anatafuta gari la kumpeleka.