Kisu ghali cha mkono nacho huisha makali

Hapa Malindi wapo wanaoamini kuwa kisu ghali kilichofuliwa kwa mkono hakiishi makali. Si kweli. Makali hutegemea aina ya chuma na jinsi kilivyopashwa moto: mhunzi hukipasha hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, hukizamisha kwenye mafuta kiwe kigumu, kisha hukirudisha kwenye moto mdogo, kama nyuzi 200, kisivunjike ovyo. Kiwanda kizuri hufanya hayo hayo. Bei kubwa hulipia zaidi muda wa fundi, mpini na umbo.

Tena visu vingi vya mkono ni vya chuma cha kaboni, kisicho na kromi ya kuzuia kutu. Kwa hewa yetu ya chumvi, kikatie ndimu ukiache kwenye sinki usiku mmoja, uone asubuhi! Na kikiwa kigumu mno, makali humeguka kikigonga mfupa wa nguru.

Anayepasua samaki kutwa na haoni uvivu kunoa, anunue, atakifurahia miaka mingi. Wa kukata vitunguu na sukuma wiki nyumbani, ningemshauri kisu cha kawaida na kinoo kizuri.