Si ushamba: kwa nini wasafiri wengine hawataki apu za mashirika ya ndege

Mimi kazi yangu ni kukata tiketi za ndege hapa tao, na kuna aina ya mteja ambaye vijana wa ofisi humcheka chini kwa chini. Ana simu poa, M-Pesa anatumia kuanzia asubuhi mpaka usiku, lakini ukimwambia adaunlodi apu ya shirika la ndege anakujibu, wee nipe karatasi yangu. Eti ushamba. Mi naona mara nyingi ako sawa, tena kuliko hao wanaomcheka.

Chukua tu malipo. Unalipa na kadi, benki inakutumia namba ya siri kwa SMS, unatoka kwa apu uende kuisoma, na kama simu yako ina memori kidogo inaifunga ile apu ili ipate nafasi, ukirudi unakuta imeanza upya kama haijawahi kukuona. Sasa pesa imekatwa ama haijakatwa? Na hapa kuna kitu wengi hawajui, bukingi na tiketi ni vitu viwili. Bukingi ni zile herufi na namba sita tunazoita PNR, na inaweza kukaa hapo bila kulipiwa hadi muda uishe ijifute yenyewe. Tiketi ni namba yenye tarakimu 13, na tatu za kwanza ni za shirika: Kenya Airways ni 706, Ethiopian 071, Emirates 176. Apu inaweza kukuonyesha safari yako imepangwa vizuri, saa iko, picha ya maghorofa ya Dubai iko, na hizo 13 hazipo. Hapo hujanunua kitu.

Halafu kuna ile ya kunipigia usiku wa manane ukidhani nimekula pesa yako. Sisi maajenti tunabuku kupitia mifumo ya kompyuta kama Amadeus, Sabre ama Travelport, na kama shirika linatumia mfumo tofauti basi PNR yetu si ile yao. Mteja anaweka ya kwetu kwa apu, apu inasema safari kama hiyo haipo, presha inapanda. Safari iko, ni vile tu umeiuliza kwa jina lisilo lake, mwambie ajenti wako akupe PNR ya shirika lenyewe.

Lakini kama kuna kitu kimoja kingenifanya nimwambie mtu akae mbali na apu kabisa ni kile kitufe cha Kubali. Shirika limebadilisha saa, notifikesheni inaingia, unafungua uko ndani ya matatu, kondakta anadai nauli, unaona tarehe mpya na kitufe kikubwa cha rangi, kando yake maandishi madogo ya kuona chaguo zingine, unabonyeza kikubwa ili kitoke kwa skrini. Mama mmoja alinijia baada ya kubonyeza hivyo, kumbe kwa saa hiyo mpya ndege ya pili ya kuunganisha safari haikuwa inamngoja tena, alipangiwa ya kesho yake, yaani usiku mzima kwa viti vya eapoti na mtoto mgongoni. Kabla ya kubonyeza angeweza kuomba ndege ingine bila kulipa ama arudishiwe pesa. Baada ya kubonyeza, rekodi inasema abiria amekubali, na yule wa kupokea simu anasoma hiyo rekodi tu, hata ulie vipi. Hata sheria zinazomlinda abiria ziko hivyo. Marekani ilitoa kanuni 2024, inayogusa pia ndege ya Nairobi kwenda New York, kwamba safari ya kimataifa ikitangulizwa kuondoka ama ikicheleweshwa kufika kwa masaa sita au zaidi unarudishiwa pesa, ila ukishakubali ratiba mpya ama ukasafiri nayo hiyo haki imeenda.

Wengine huniambia wanaogopa kuibiwa data. Hofu yao ina msingi, 2018 wezi walinasa ditels za kadi za wateja wa British Airways kwa tovuti na kwa apu, na mwaka huohuo apu ya Air Canada ikavamiwa, akaunti kama 20,000 hivi. Ila mi sababu hii siipi uzito sana, maana data yako iko kwa kompyuta za shirika hata ukinunua kwa kaunta. Na watu haohao wanaoogopa apu utawaona Facebook wameposti picha ya bodingi pasi, wakati PNR na jina la mwisho mara nyingi zinatosha mtu mwingine kufungua bukingi yako na kuichezea.

Ya bodingi pasi yenyewe sitasema mengi. Watu wetu wa kwenda kazi Ghuba mara nyingi hawapewi kwa simu, lazima visa na pasipoti ziangaliwe kwa kaunta, kwa hivyo foleni utapiga tu, na apu imekula bando bure.

Kitu apu inafanya vizuri kushinda karatasi ni kukuambia geti limebadilishwa, hiyo siwezi kukataa. Na kuna mahali huna ujanja: Ryanair, ambao wanafunzi wetu walioko Ulaya wanawapanda sana kwa sababu ya bei, tangu tarehe 12 Novemba 2025 bodingi pasi ya kuprinti mwenyewe hawataki tena, ni ya kwa apu. Simu ikizima na ulikuwa umeshachekini, wanakusaidia bure pale eapoti. Hao sawa, weka apu yao, chekini mapema, ukishuka ufute. Kwa wengine wote nenda saiba uprinti tiketi yako, uhakikishe ile namba ya tarakimu 13 inasomeka, na ukiona ujumbe wa saa kubadilika usibonyeze chochote kabla hujampigia aliyekukatia.