"Fundi, mtandao unasumbua": dhana potofu kuhusu ripoti zinazochelewa msimu wa korosho

Mnada ukikaribia, simu kutoka Tandahimba, Newala, Masasi na hata Nachingwea huanza na maneno yaleyale: "Fundi, mtandao unasumbua, ripoti haifunguki." Nimechoka kuyasikia, maana wengi wanaoyasema wameshaongeza bando, wengine wameshabadili laini, na ripoti bado inazunguka tu.

Dhana: Ripoti inachelewa kwa sababu ya mtandao.

Pima kwanza. Endesha kwiri ya ripoti, yaani swali inaloiuliza hifadhidata, kwenye seva yenyewe. Ikichukua dakika sita palepale, mtandao hauna kesi ya kujibu.

Ninachokikuta mara nyingi ni hiki: mtu ameunganisha data za mizani za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) na stakabadhi za maghala, halafu anachuja kwa YEAR(tarehe_mapokezi) = 2024. Safu ina indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka), sawa, lakini ukishaiweka ndani ya YEAR, inayotoa mwaka wa tarehe, MySQL (programu ya hifadhidata) haiwezi kuitafutia tarehe kwenye indeksi hiyo. Inapitia mistari yote, misimu ya zamani ikiwemo. Andika tarehe_mapokezi >= '2024-10-01' AND tarehe_mapokezi < '2025-03-01', ukirekebisha mwisho kulingana na msimu wenu. Hata jibu linanyooka, kwa sababu msimu wetu huanza Oktoba na kuvuka mwaka. Anayechuja kwa mwaka wa kalenda anachanganya misimu miwili, kisha analalamika kilo hazilingani.

Kosa la pili ni la waandishi wa programu. Programu inasoma stakabadhi moja, inakwenda seva ya Dar es Salaam kumtafuta mkulima wake, inarudi, inachukua nyingine. Safari moja ikiwa milisekunde 50, stakabadhi 20,000 ni sekunde 1,000: karibu dakika 17 za kwenda na kurudi tu. Hapo mtandao unahusika, lakini bando kubwa halipunguzi idadi ya safari. Pakia stakabadhi zote kwa mkupuo kwenye jedwali la muda, kisha fanya JOIN moja (kuunganisha majedwali) hukohuko kwenye seva.

Kwa hiyo, kabla ya kunipigia, weka EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi hifadhidata itakavyoiendesha, mbele ya kwiri yako. Kwenye MySQL, ukiona ALL (yaani inasoma jedwali zima) chini ya type kwa jedwali kubwa, anzia hapo. Wanaotumia PostgreSQL, hifadhidata nyingine, wajue kwamba EXPLAIN ANALYZE huiendesha kwiri kweli. Usiiweke mbele ya DELETE, amri ya kufuta mistari, bila kufungua muamala utakaoubatilisha kwa ROLLBACK.

Dhana: Tuongeze RAM.

RAM inasaidia ikiwa data inayotumika haienei kwenye kumbukumbu iliyopo. Haiifundishi kwiri mbovu kuacha mistari isiyohitajika.

Dhana: Kila safu iwekewe indeksi.

Kila mstari unaoingia hulazimika kuandikwa pia kwenye indeksi hizo zote, na upakiaji wa usiku unazidi kuwa mzito. Weka kwenye safu za kuunganishia na kuchujia. PostgreSQL haiwekei funguo za kigeni (safu zinazorejelea jedwali jingine) indeksi yenyewe, tofauti na InnoDB, injini ya kuhifadhia data ya MySQL, na hapo wengi hujikwaa.

Dhana: Kuvuta data yote upya kila usiku ndiyo usalama.

Vuta mistari iliyobadilika tangu mara ya mwisho, kwa safu ya muda wa mabadiliko yenye indeksi. Ila mstari uliofutwa hauonekani kwa njia hii, kwa hiyo stakabadhi iliyokosewa isifutwe. Ipewe hali ya "imebatilishwa".